Nilimchunga kwa Kamera Hadi Nikampoteza

Kosa ni langu, wala sitamsingizia shetani. Mimi ndiye niliyemfukuzisha kazi mwanamke niliyempenda kuliko nafsi yangu.

Mimi ni mlinzi hapa Doha, Qatar, jengo moja la mtaa wa The Pearl. Nakaa chumba cha kamera. Mpenzi wangu, nimwite Mueni, alikuwa mapokezi, jengo hilo hilo. Jamani, kumtazama mpenzi wako kwenye skrini kutwa nzima, akili itakaa sawa? Yangu haikukaa.

Ijumaa moja tuliangalia filamu ya Kizungu kwenye simu yake. Jamaa anampenda mwanamke, anamfuata kila kona, mwisho anamharibia maisha. Mimi nikamtetea. Nikasema ni mapenzi tu yamemzidi.

"Mapenzi gani hayo?" Mueni akasonya. "Huyo anataka kufuga mtu kama kuku!"

Nikacheka. Lo, laiti ningesikia!

Wiki iliyofuata kamera ya maegesho ikanionyesha Mueni na dereva mmoja Mganda. Kila siku saa nne asubuhi, wakati wa chai, vichwa pamoja juu ya simu moja, wanacheka. Kamera zetu hazina sauti. Maneno nikayatunga mwenyewe.

Sikumuuliza. Siku aliyopitiliza dakika kumi, nilikata kipande cha video nikampelekea msimamizi: huyu anaacha meza. Nilitaka ahamishiwe jengo lingine, mbali na yule dereva. Basi! Mungu ni shahidi, sikutaka zaidi.

Wakamvunjia mkataba. Akapewa siku nne tu aondoke nchini, tiketi mkononi, na kule kwao Kitui, Kenya, mtoto wake na mama yake wanamtegemea yeye peke yake.

Dereva ndiye aliyenifumbua macho. "Kaka, nilikuwa namfundisha alama za barabarani. Alitaka leseni, aache mapokezi, muoane mpange nyumba kule Al Wukair, nje kidogo ya mji. Alinikataza kukwambia mpaka apasi."



Mueni alinipigia mara moja, akiwa uwanja wa ndege. "Video nimeonyeshwa. Ni ya kamera yako." Nikaanza kulia, nikaomba msamaha. Akasema, "Siku ile ya filamu, ningekuangalia wewe uliyemtetea yule jamaa, si skrini." Akakata.

Ndugu yangu unayemchungulia mtu wako, acha! Ukiona jambo, muulize kwa mdomo, hata kama jibu litakuuma. Mimi sikuuliza. Saa nne ikifika bado naangalia maegesho, na hakuna mtu.