Kopo la Unga na Figo Moja

Sylvance Ondiek aliishi na figo moja. Ya pili alimpa dada yake mkubwa, Phelister, mshonaji wa nguo pale soko la Muthurwa, mwaka ambao figo za Phelister zilikataa kazi. Upasuaji ulikwenda vizuri. Dada alirudi kwenye cherehani yake, naye Sylvance akarudi mtaa wa Baba Dogo kwenye karakana ya kutengeneza milango ya chuma, akiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu.

Kila akiinua fremu ya geti alihisi kama upande mmoja wa mwili wake ni mtupu. Akipiga chafya, mkono ulikwenda ubavuni wenyewe. Ndiyo maana, daktari alipomruhusu kufanya mazoezi, alijiunga na jimu moja ya mtaa wa Mowlem, banda la mabati lenye vyuma vilivyochomelewa hapo hapo mtaani. Alitaka kujisikia mzima.

Mkufunzi wa pale, Musau, alikuwa mtu mpole. Alimwanzishia vyuma vyepesi, akamfundisha kupumua na kunyoosha mgongo. Siku moja Sylvance akamuuliza mbona wenzake wanatanuka mabega na yeye yuko vile vile.

"Kwani unakula nini, buda?"

"Chakula tu. Ugali, sukuma, mayai nikipata."

"Ongeza ndengu na maziwa. Ukitaka, kuna unga unaitwa kreatini, unasaidia misuli. Lakini kama uko na shida yoyote ya mwili, niambie kwanza."

Sylvance alisema hana shida. Hakutaka kuonewa huruma jimu.

Dukani alisimama mbele ya rafu ya makopo makubwa kama ya rangi, kila moja na picha ya mtu aliyefura kifua. Kulikuwa na unga wa kuongeza uzito, unga wa protini, na mwingine wa kunywa kabla ya mazoezi. Muuzaji alimuuliza anatafuta nini, naye akaona haya kusema hajui. Alichukua kreatini kwa sababu ndilo jina alilolikumbuka.

Maandishi madogo ya kopo aliyasoma Jumapili moja mchana, baada ya kuutumia ule unga kwa majuma mengi, akiwa anakoroga maji kwenye kikombe. Yalisema mwenye tatizo la figo asitumie kabla ya kumwona daktari. Kijiko kilimsimama mkononi. Aliyamwaga yale maji kwenye sinki, kisha akabaki ameliangalia sinki.

Juma lililofuata alikuwa na miadi ya kliniki, ile ya kupimwa kila mwaka. Damu ilichukuliwa, na daktari, mama mmoja asiye na haraka, akamwita ndani.

"Kipimo cha figo kimepanda kuliko mwaka jana. Unatumia dawa yoyote? Ya maumivu, ya kienyeji, chochote?"

"Hapana, daktari."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Daktari akamwambia arudi wapime tena. Sylvance alitoka nje akaketi kwenye ukuta mfupi kando ya lango. Yeye hakuhitaji kuelezwa ugonjwa wa figo ni nini. Alikuwa amemwona Phelister akivimba nyayo mpaka viatu visiingie, akipimiwa maji ya kunywa kama dawa, akilala kando ya mashine inayosafisha damu huku midomo imekauka. Sasa alijiona yeye kwenye kile kitanda. Na nani angempa figo? Dada asingeweza.

Alikwenda Muthurwa moja kwa moja. Phelister alikuwa anapinda sketi ya shule. Alimsikiliza mpaka mwisho, mguu wake ukiwa umetulia juu ya kanyagio.

"Umemwambia daktari kuhusu huo unga?"

"Nilimwambia situmii kitu."

"Kwa nini, Sylvance?"

"Niliogopa atanigombeza. Halafu nikafikiria wewe. Ukisikia nimeharibu hii iliyobaki, utasema ni kwa sababu yako."

Phelister alifunika cherehani. "Tutachukua hilo kopo," alisema, "na utarudi useme ukweli nikiwa nimekaa hapo."

Daktari aliligeuza kopo, akalisoma lote. Aliwaeleza kwamba kreatini inaweza kupandisha kile kipimo hata kama figo haijaumia, lakini hawezi kuapa, na kwa mtu wa figo moja hakuna kubahatisha. Aache kabisa, anywe maji ya kutosha, apumzike vyuma, arudi.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Sylvance alikagua nyayo zake kila asubuhi akizibonyeza kwa kidole. Kazini alichoma chuma mahali pasipofaa mara kadhaa, na fundi mkuu akamuuliza kama ana msiba. Phelister alipiga simu, akauliza amekula nini na amekunywa maji kiasi gani.

Waliporudi, kipimo kilikuwa kimeshuka hadi pale kilipokuwa mwaka jana. Phelister alilia, na daktari akamsogezea kiti, kisha akamwambia Sylvance anaweza kurudi mazoezini polepole.

Sylvance alirudi Mowlem na kumweleza Musau kila kitu.

"Ungeniambia," alisema Musau. "Hata mimi sasa naogopa."

Akampa chuma chepesi kuliko vyote vilivyokuwepo, naye Sylvance akakipokea bila kubisha.