Handibreki na Jicho la Mama

Gari langu lilimkosea mama mbele ya wageni wake, tena katikati ya maombi. Wanawake wa ushirika walikuwa wamejaa kwake kijijini Theta, wamesimama uani wamefumba macho, na mama ndiye aliyekuwa akiomba. Mimi nilikuwa nimeegesha juu ya mteremko karibu na geti, handibreki nimeivuta mpaka mwisho. Gari likaanza kuteremka polepole, bila kelele. Mama huomba akichungulia. Hakukatiza wala kubadilisha sauti. "Na utuepushe, Baba, na gari hili linalokuja." Wakaitikia amina, nalo likaenda kulala kwenye sukuma wiki zake.

Hakuna aliyeumia. Nikacheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Mama akaniambia hapandi tena kitu hicho, na mama akisema amesema. Ubaya ni kwamba wiki iliyofuata alikuwa anakwenda Thika kutolewa mtoto wa jicho, na sasa akaongea na mtu wa bodaboda awe ndiye wa kumrudisha. Mama yangu, jicho limefunikwa, nyuma ya pikipiki, kwenye vumbi lile la Theta. Nilikasirika hata chai nikaiacha.

Nikamgeukia baba watoto, maana handibreki ilikuwa idara yake. Kila ilipolegea alifungua pale katikati ya viti, akakaza kebo kidogo, akajipangusa mikono kama daktari. Alikuwa ameikaza mpaka nati imefika ukingoni. "Basi ni pedi za nyuma," akasema. Tukanunua pedi. Gari likabaki na tabia zake, na lilinuka kama mtu anayepiga pasi nailoni.

Siku moja tukirudi kwetu Ruiru nilishuka nikagusa magurudumu ya nyuma. La kushoto liliniunguza kidole. La kulia lilikuwa baridi kabisa. Nikamwambia baba watoto kwamba hapa kuna mmoja anafanya kazi na mwingine anakula mshahara wa bure. Akanuna, alidhani namsema yeye.

Tukaenda kwa fundi mmoja Makongeni, mtu wa maneno mengi. Akainua nyuma yote kwa jeki, akaweka stendi, akavuta handibreki, akaniambia nizungushe magurudumu. La kushoto halikusogea. La kulia lilizunguka kana kwamba hakuna aliyevuta chochote. Alipotoa diski ndipo nilipoelewa. Katika gari hili pedi ni za breki ya mguu tu. Handibreki ina viatu vyake vidogo vya kusugua, vimejificha ndani ya kile kikombe cha katikati ya diski. Kebo ya kulia ilikuwa imeshikwa na kutu ndani ya ganda lake, haivuti. Ya kushoto ikawa inakazwa kwa niaba ya zote mbili, na viatu vyake vinasugua njia nzima mpaka vimekaribia kwisha.

"Nani alikuwa anakaza hii?" fundi akauliza. Baba watoto akapata kitu muhimu sana kwenye simu.

Fundi akalegeza kila kitu. Akaweka kebo mpya na viatu vipya, akarudisha diski, kisha akaingiza bisibisi kwenye tundu la diski akazungusha kigurudumu cha meno cha kurekebishia mpaka viatu vikagusa, akakirudisha nyuma kidogo. Kebo aliikaza mwisho kabisa. Sisi miaka yote tulikuwa tunaanzia hapo mwisho.

Siku ya jicho nilimngoja mama nje ya hospitali, mimi na yule wa bodaboda, kila mmoja amesimama kando ya chombo chake. Mama akatoka, jicho moja limefunikwa, akatutazama wote wawili kwa hilo jingine.

"Imetengenezwa?"

"Imetengenezwa, mama."

Akamwambia yule kijana aende tu, akaingia mbele, akafunga mkanda.

Tulipofika kwake, pale pale kwenye mteremko, nikavuta handibreki, nikazima injini, nikabaki nimekaa. Niliogopa. Nilikuwa nimekanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Mama akainamisha kichwa akaangalia chini ya usukani kwa jicho lake moja.

"Mimi nimekuamini nikapanda," akasema. "Wewe unaogopa nini? Toa huo mguu."

Nikautoa. Gari halikusogea.