Kituo cha Mama Pasi

Mama Pasi hakuwa mwimbaji. Wenzake walimwambia peupe kwamba sauti yake inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini wimbo wa chumba cha pasi ulikuwa wake. Aliutunga hoteli ilipoongeza vyumba bila kuongeza watu, mashuka yakawa yanakuja marundo kwa marundo na mapumziko hayapo mpaka saa ya chakula. Beti zilikwenda mbio:

*Limekuja hili, lile laja,*
*mgongo wangu, laiti ungenena!*

Kisha, ghafla, kimya. Pasi zinasimamishwa wima, migongo inanyooshwa, jasho linapanguswa. Pumzi chache tu, halafu Mama Pasi anaanza tena. Kimya hicho walikiita kituo.

Msimamizi mpya, kijana mpole, aliupenda wimbo huo. Kila siku alisimama mlangoni, kichwa upande, akisikiliza.

"Mama, hapo katikati mbona mnanyamaza? Mmesahau maneno?"

"Hapana, mwanangu. Hapo ni kituo."

"Kituo cha basi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Pasi naye alicheka, ila roho ilikuwa juu juu. Alitaka sana kujua udadisi wa huyu kijana utaishia wapi, na aliogopa, maana wakinyang'anywa kituo hawana pumziko jingine kabla ya chakula.

Kesho yake kijana akaingia uso umechanua. Amewatungia mstari wa kuziba pengo! Tena ulikuwa mtamu, Mama Pasi alilikubali hilo shingo upande. Wakauimba bila kituo. Kabla ya adhuhuri mikono ilikuwa imechoka, na shuka moja likaungua.

Msimamizi hakugomba. Alilishika lile shuka, akaligeuza huku na huku. "Leo mna nini, mama zangu?"

Mama Pasi akamkabidhi pasi. "Njoo uimbe na sisi."

Kijana akakunja mikono ya shati, akaanza kwa mbwembwe. Ubeti wa pili mbwembwe zilimwisha. Wa tatu, jasho likamwingia machoni. Walipofika kwenye mstari wake mtamu, alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Akasimamisha pasi wima, akajishika kiuno. Chumba kizima kikamtazama.

"Kumbe watu hushukia hapa," akasema.

"Shuka, mwanangu," alijibu Mama Pasi. "Usikawie tu, mashuka yanangoja."