Punje ya Wali Kisimani Marui

Mkuu wangu wa kazi alichukizwa na ramani. Ilionyesha joto lililo chini ya ardhi yetu. Mikoa mingine imepakwa rangi nyekundu, kwao Kisarawe pameachwa peupe. Alilichukua kama tusi. Akaniita ofisini kwake Kibaha, akanituma nikapime kama huko kuna joto la kuzalishia umeme, na kwa jinsi alivyonikazia macho nilielewa kwamba lazima liwepo.

Asubuhi tulipita Mlandizi, mimi na dereva, tukiwa na kipimajoto kilichofungwa kwenye waya mrefu. Baada ya Mzenga barabara ikawa mchanga mtupu, na mbele kidogo nguzo za umeme zikakoma. Dereva alisema kama joto ndio umeme, shati lake peke yake lingewasha Pwani nzima.

Mchana, katika kitongoji kimoja cha Marui, tulipokelewa na Mama Mwanahawa, nesi wa zahanati. Baada ya shikamoo na marahaba tulipewa wali na kunde, tukaambiwa kisima kirefu cha zamani kiko tayari. Sikujiuliza kisima huwa tayari namna gani.

Nikashusha kipimajoto. Karibu na juu maji yalikuwa ya moto kweli, nikaanza kuiona ramani ikigeuka nyekundu na mimi nikipandishwa cheo. Lakini kadiri nilivyoteremsha waya yalizidi kupoa, na ardhi haina tabia hiyo. Ukienda chini joto huongezeka. Nilipouvuta waya, kipimajoto kilitoka na punje ya wali.

Mama Mwanahawa hakuficha. Walisikia kuna wageni wanakuja kutafuta maji ya moto, na kwao mgeni hata kuoga haogi maji baridi, sembuse atoke Kibaha ayakose kabisa. Kina mama walikuwa wamechemsha tangu alfajiri, kila mmoja na sufuria lake, wakamimina kisimani.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

"Nazalisha usiku tochi ikiwa mdomoni, mwanangu," alisema. "Mzazi nataka asukume, siwezi kumwambia. Namkonyeza tu."

Kicheko kiliniisha, nikaona aibu. Nilimweleza kwamba joto lipo, ila liko mbali mno huko chini.

"Na nguzo nazo ziko mbali," akasema. "Sasa mbali ipi iliyo karibu?"

Nilikunja waya wangu, tukaaga.

Jioni tulirudi Kibaha, nikakuta umeme umekatika. Nikakaa mezani na tochi mdomoni, nikaandika kwamba Marui pabaki peupe kwenye ramani, ila nguzo zipelekwe haraka. Kabla sijamaliza mkuu akapiga simu, akauliza kama kwao kuna joto. Mkono mmoja ulishika kalamu, wa pili simu, na tochi bado ilikuwa mdomoni. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, hasa habari za yule nesi. Nikajikuta namkonyeza.