Nta ya Mungu Huoga Mara Tatu

Wiki iliyopita nilikaribia kumchapa mtu makofi kwenye jumuiya, hapa hapa Majengo, na rozari nimeishika mkononi. Tulikuwa tunapanga mambo ya Majilio, nani alete kitambaa cha zambarau, nani afagie, nani aongoze sala, sa kijana mmoja mgeni mgeni hivi akaanza kuchekesha watu. Akasema kule vijijini kwetu, upande wa Inyonga, mishumaa ya kanisani ilikuwa inatengenezwa na vibibi vya macho mekundu, ndiyo maana hata Mungu alikuwa anaogopa kufika. Watu wakacheka. Mimi nikasimama. Mama mmoja akanivuta gauni, akaniambia, "Dada, tumsifu Yesu Kristo kwanza." Nikajibu milele amina huku meno yameumana, nikakaa.

Wao sikuwaambia kitu. Nakwambia wewe. Hicho kibibi cha macho mekundu ni bibi yangu. Na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, si kwa kitu kingine. Moshi wa kuchemsha nta ya kanisa, toka alipoolewa na babu yangu, mrina asali, mpaka siku nitakayokusimulia hapa.

Kigango chetu kilikuwa ndani kabisa. Unaiacha Inyonga, unayapita mashamba ya tumbaku, unaingia porini mpaka unaliona kanisa la matofali ya udongo na bati, na rimu ya lori imening'inizwa kwenye mti, ndiyo kengele. Padre alikuja mara moja kwa mwezi na pikipiki. Dominika nyingine katekista alituongoza. Na Desemba ya kwetu, aisee, uliza mtu yeyote. Mvua, uyoga wa porini, kumbikumbi wa kukaanga kwa chumvi, na jembe toka asubuhi mpaka mgongo unakataa. Ghala linapungua, mahindi mapya bado, kwa hiyo kila mtu anakuwa mkali. Mimi njaa sikuihitaji. Mimi nilikuwa mkali mwaka mzima.

Mishumaa minne ya Majilio ilikuwa ya bibi. Babu akishakamua asali, masega yanabaki kwake. Anayachemsha kwenye sufuria kubwa, anayakamulia kwenye kiroba, anaacha yapoe, nta inaganda juu ya maji kama ukoko. Hayo ni maji ya kwanza. Anachemsha tena kwa maji mapya, maji ya pili, na nta ya kuuza inaishia hapo. Ya kanisa lazima iingie maji ya tatu. "Nta ya Mungu huoga mara tatu," alikuwa anasema, "kama bwana harusi anayejua mkwewe ana pua kali." Mishumaa mitatu aliifunga kitambaa cha zambarau kiunoni. Wa nne, ule unaowashwa Dominika ya tatu, Dominika ya furaha, aliuchanganyia unga wa mti wa mninga uliosagwa na mafuta ya nyonyo. Ulitakiwa uwe wa waridi. Ulitoka rangi ya ufizi wa mtoto mchanga, na sisi wote tukakua tukijua furaha ina rangi hiyo. Kisha anauviringisha juu ya ubao kwa kiganja cha kulia, taratibu, mpaka unanyooka kama umepigwa rula.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi. Bibi alishikwa na homa siku ya kazi, akaniachia mimi nta ya mshumaa wa waridi. "Mke mwenzangu," aliniita hivyo siku zote, maana kwa utani wetu mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja, "maji matatu. Usinifanyie ujanja." Nikaitikia. Lakini siku hiyo nilikuwa na ahadi kisimani. Binti wa mwenyekiti wa kigango alitangaza kwamba kwaya ya watoto imenichukua kwa huruma tu, sauti yangu ni ya kunguru. Ilibidi apigwe. Na kuni zilikuwa mbichi kwa mvua. Basi nikachemsha maji ya kwanza, nta ikaganda, nikaiyeyusha kwenye sufuria ambayo babu alikuwa ameiwekea asali, wala sikuiosha, asali bado imeshika pembeni. Nikachanganya mninga, nikaona imetosha, nikakimbia.

Tulipigana vizuri sana. Alinichana kola, mimi nikamtumbukiza kichwa kwenye ndoo yake mwenyewe mpaka wakubwa wakatutenganisha. Nikarudi nyumbani nina furaha kuliko Noeli. Bibi alikuwa ameamka, ameshaweka uzi, anauviringisha ule mshumaa. Kiganja kikasimama. Akausogeza puani. Akaniangalia, jasho la homa linamtiririka. Halafu akaendelea.

Sasa uelewe kwamba kanisa letu lilikuwa na nyuki wake. Waliishi kwenye ufa wa ukuta nyuma ya altare miaka na miaka, hawamgusi mtu. Katekista alisema na wao ni waumini, ila hawaji kuungama.

Dominika ya tatu padre akaja, kanisa likajaa mpaka mlangoni, jua limetoka baada ya mvua na bati linachoma. Mshumaa wa waridi ukawashwa. Harufu ilipopanda niliacha kuimba. Ilikuwa harufu ya mzinga umefunguliwa. Nyuki mmoja akauzunguka moto. Wakaja watatu. Wakaja wengine wakatambaa juu ya mshumaa wanalamba, na mpaka hapo hakuna aliyeumia, wangelamba wakarudi ukutani. Lakini mpiga ngoma wa kwaya akamponda mmoja kwa kitabu cha nyimbo. Mtoto yeyote wa kwetu anajua nyuki aliyepondwa anaita ndugu zake. Yeye akaponda wa pili.

Ukuta ulitapika nyuki. Sina neno lingine. Kulikuwa na mlango mmoja, na watu mia na kitu waliutaka wote kwa mpigo. Wanaume wazima walipita juu ya watoto. Mabenchi yaliangushwa, akina mama wanavua vitenge wanafunika watoto, mzee mmoja anajipiga makofi usoni kama anajiadhibu. Padre alifunika kalisi ya divai kwa mikono miwili, nyuki wamemjaa shingoni, hakuiachia. Mimi nilitambaa chini ya mabenchi nikatokea nje. Nilipogeuka nikamwona binti wa mwenyekiti kizingitini, chini, na watu bado wanatoka, mmoja mmoja wanamkanyaga mguu ule ule.

Padre mwenyewe, jicho moja limeziba, alimpakia kwenye pikipiki na mama yake wakaenda naye Inyonga.

Mchana huo huo mwenyekiti akaja kwetu na wanaume wawili. Uso umemvimba, midomo imekuwa kama ya mtu mwingine. Babu alikuwa porini kwenye mizinga, nyumbani tupo mimi na bibi. Mwenyekiti alishika kile kipande cha mshumaa kilichobaki, na mkono wa pili ameshika mpini wa jembe.

"Nta hii nani kachemsha?"

Bibi alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, mimi nimesimama nyuma yake. "Mimi, baba," akasema.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Umeweka nini ndani?"

"Mninga. Kama kila mwaka."

Mwenyekiti akasema wanawake wenye macho kama yake wanajulikana wanaweka nini. Akaanza na sufuria, akaipiga mpaka ikakunjika. Akaenda kwenye ubao wa kuviringishia, na bibi akanyoosha mkono kuuzuia, mtu mzima kabisa anazuia ubao. Mpini ukashuka kwenye ule mkono wa kulia. Nilisikia mlio kama muhogo mkavu unavunjwa. Hapo nikamrukia, nikamuuma pajani, nikang'ang'ania mpaka nikaonja damu, wenzake wananivuta nywele, mmoja ananipiga mateke ya mbavu. Sikuachia. Aliyetuokoa ni jirani yetu, mama wa Kisukuma, ambaye wala hakuwa Mkatoliki. Alikuja na jembe juu juu akasema wakimgusa yule bibi tena, itabidi wamzike yeye kwanza, na wao hawatarudi makwao wazima. Wakaondoka. Lakini mwenyekiti aliacha neno: bibi ahame kabla ya Noeli, asipohama, nyumba inachomwa moto na yeye akiwa ndani.

Kwetu maneno kama hayo hayasemwi kwa mzaha. Unajua mwenyewe vikongwe wangapi wameishia hivyo.

Babu alirudi akamfunga mkono kwa magome ya mti, kisha akachukua panga. Bibi akamwambia, "Ukienda, Noeli tutakuwa matangani." Babu akakaa chini akalia, nilikuwa sijawahi kuona. Na mimi wiki nzima nilipigana. Aliyesema mjukuu wa mchawi nilimng'oa jino. Aliyecheka nilimvunja pua. Nilikamata watoto wakubwa kuliko mimi, nikapigwa, nikarudi kesho yake. Mwalimu wa kwaya alinichapa viboko mpaka akachoka yeye. Kila ngumi niliyorusha nilijisikia natenda haki, namtetea bibi. Neno moja la kumtetea kweli nilikuwa nalo mdomoni na sikulitoa. Niliogopa watanigeuzia mpini ule ule.

Dominika ya nne hakukuwa na padre. Bibi alitembea mpaka kanisani na mkono wake kifuani, akakaa nje kwenye ngazi, maana hakuna aliyempisha kwenye benchi. Wakati wa matangazo mwenyekiti akasimama, akasema binti yake mfupa umekatika mahali pawili, akasema kigango lazima kisafishwe kabla Mtoto hajazaliwa, vijana wajiandae. Alisema vile mbele ya altare. Vijana wakatikisa vichwa kukubali. Niliwajua wote, mmoja wao babu alimfundisha kupanda mti wenye mzinga.

Nikatoka mbele. Nikashika meza.

"Nta nilichemsha mimi. Maji ya kwanza tu. Na sufuria ilikuwa na asali."

Mwenyekiti alinipiga kofi ambalo sikio hili la kushoto linalikumbuka mpaka leo wakati wa baridi. Alinyanyua la pili, katekista akaingia katikati, likampata yeye. Halafu mzee mmoja mrina asali, rafiki wa babu, akaongea akiwa amekaa vile vile: "Asali imepashwa moto mbele ya mzinga. Nyie mlitaka nyuki wafanye nini, wasali?" Mtu mmoja akacheka, mwingine akafuata, kicheko kifupi cha aibu, na warina asali wote mle ndani wakainamisha vichwa, maana walijua toka mwanzo harufu ile ni ya nini. Walijua wakanyamaza. Hilo nalo sijawasamehe.

Bibi hakuhamishwa. Nyumba haikuchomwa. Mwenyekiti hakuja kuomba msamaha, alituma kuku wawili, babu akawarudisha wakiwa wazima. Binti yake alirudi baada ya Noeli anachechemea, na sikumpiga tena.

Nilimuuliza bibi kwa nini alisema ni yeye. Alikuwa anakula uyoga kwa mkono wa kushoto, anachafua kifua.

"Nilinusa toka nilipoushika," akasema. "Nikasema homa imenizidi, Mungu atavumilia mwaka mmoja. Kosa lilikuwa la wake wenza wawili. Mkubwa ndiye anayeitika."

Mkono ulipona umepinda, vidole viwili havikunjuki. Mwaka uliofuata mishumaa ya Majilio ilinunuliwa Mpanda, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kabisa, inang'aa kama pipi, inanuka mafuta ya taa. Nyuki wa ukutani vijana waliwachoma moto Januari, mara tu baada ya Noeli ile. Sasa kanisa ni la matofali ya saruji, halina ufa hata wa kupitisha sisimizi. Babu alitangulia, bibi akamfuata, mizinga imeoza juu ya miti. Watoto wa pale ukiwauliza furaha ina rangi gani watakwambia ya pipi.

Watu wananiambia nina moyo, eti mtu wangu akiguswa nawaka. Hata yule mama wa jumuiya alinisifu hivyo siku ile ile wakati tunarudi. Siku ya mpini, pale uani, mdomo wangu ulikuwa na kazi moja tu, kusema "mimi" kabla mpini haujashuka. Nikautumia kuuma.