Kiti Nilichokikata kwa Ajili ya Saa Moja

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipompelekea fundi baiskeli nzima nikaondoka na baiskeli pungufu, na nikaondoka nikipiga mluzi. Ilikuwa miaka ya tisini. Kwetu ni Adungosi, lakini wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, na kazi yangu ilikuwa boda boda. Nyinyi mkisikia boda boda mnafikiria pikipiki. Sisi tulikuwa injini wenyewe. Tulibeba watu kwa baiskeli zile nyeusi nzito kutoka steji, yaani kituo chetu, hadi mpakani, na ukipanda mlima na abiria mnene mwenye debe la mahindi mapajani, ulikumbuka vizuri kama jana yake ulikula au ulilala njaa.

Nyuma ya kila baiskeli kulikuwa na keria, yaani kiti cha chuma cha abiria. Mafundi waliichomelea kwenye fremu kwa nondo ili isilegee, na juu yake ukafunga mto. Mto wa keria yangu alinishonea Mama Nafula, akaujaza vitambaa vya nguo kuukuu. Hakunishonea kwa kunipenda sana. Aliushona kwa sababu yeye ndiye aliyeukalia kuliko watu wote.

Mama Nafula alikuwa mama mtu mzima wa Kisamia, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Aliwahi kuanguka akaumia nyonga, na tangu hapo hakuweza kutembea mwendo mrefu bila fimbo na bila kusimama mara kwa mara. Kila siku ya kazi nilimkuta kando ya barabara kabla ya jua, na beseni lake, na shali yake. Nilimpeleka mpaka soko la samaki. Soko lile lilikuwa na sheria isiyoandikwa popote: nafasi ni ya anayeikalia kabla ya jua kutoka. Hata ukiikalia miaka, siku usipofika, itakuwa ya atakayeketi hapo, na hakuna wa kumgombeza. Nafasi ya Mama Nafula ilikuwa langoni kabisa, pale wanunuzi kutoka upande wa Uganda wanapoingilia. Mtu wa langoni huuza akarudi nyumbani mchana. Mtu wa nyuma, karibu na mtaro, hungoja masalio. Mama yule alikuwa analea wajukuu kwa hiyo nafasi, na hiyo nafasi ilishikwa na miguu yangu. Wakati huo sikulifikiria jambo hilo namna hiyo hata kidogo.

Sasa sikiliza jinsi sifa inavyoingia kwa mtu. Katika shule moja karibu na hapo kulikuwa na mwalimu wa michezo aliyependa baiskeli kuliko mpira. Uwanja wao ulikuwa na njia ya kukimbilia, ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, iliyochorwa kwa chokaa. Mwalimu akatangaza kwenye masteji: anayetaka aje azunguke uwanja kwa saa moja, peke yake, tuone atafika wapi. Si kushindana na mtu. Unashindana na umbali wa aliyekutangulia. Alituambia kwamba huko nje kuna watu wanaofanya hivyo kwenye viwanja vya mbao, na dunia nzima inajua majina yao. Sisi tulicheka habari ya uwanja wa mbao, lakini hiyo ya majina hakuna aliyeicheka.

Wa kwanza kuweka rekodi ya kueleweka alikuwa Ekisa, boda boda wa Malaba, mji jirani wa mpakani, mtu mkimya mwenye mapaja kama mchi. Alizunguka mara sitini na moja. Habari ikafika Busia kabla yake. Kwa muda mrefu watu wa Malaba wakija kwetu walikuwa wakiuliza, "Hapa kwenu hakuna mtu?" Maneno hayo yalinikera kama kokoto kwenye kiatu. Kisha mwalimu akadokeza kwamba wakubwa wa baiskeli wa Nairobi wanatafuta vijana, na kwamba atakayempita Ekisa, jina lake litapelekwa huko. Alisema "huenda". Mimi nilisikia kila kitu isipokuwa hilo neno.

Basi nikaanza kuitazama baiskeli yangu kama adui. Nilitoa kengele. Nikatoa madigadi, nikatoa stendi, nikatoa kifuniko cha cheni. Ikabaki keria, chuma kizito kuliko vyote nilivyotoa. Jumamosi hiyo nilimrudisha Mama Nafula kutoka sokoni, nikamteremsha, akanishika bega akijinyoosha.

"Jumatatu ukuje mapema, baba," akasema. "Omena itakuwa mingi."

"Sawa, Mama," nikajibu.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja kwa fundi Wafula. Aliigonga keria kwa msumeno, akanitazama.

"Hii nikikata, kurudisha itakuwa ngumu. Unajua?"

"Kata tu."

"Na chuma yenyewe nikuwekee?"

"Uza, boss. Mimi nikishinda hiyo kitu, nitabeba watu tena?"

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nilikuwa nimewahi kuisikia methali hiyo, tena darasani, nikaipatia alama. Wafula akakata, na mto wa Mama Nafula ukaenda pamoja na chuma. Nilipoinyanyua baiskeli kwa mkono mmoja nilifurahi sana, mwanangu, nisikudanganye. Nilijiona nimetua kila kitu kilichokuwa kinanirudisha nyuma.

Jumapili baada ya ibada watu wakajaa uwanjani, wengine bado wamevaa nguo za kanisa. Mwalimu aliketi mezani na makopo mawili. Kila nikikamilisha mzunguko alitoa jiwe kwenye kopo moja akaliweka kwenye lingine, na mwenzake alishika saa. Nikaanza.

Nilianza vibaya, kwa sababu nilianza kwa watu. Walipiga vigelegele, nikaongeza; wakapiga tena, nikaongeza tena. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kabla ya nusu saa kifua kilikuwa kinawaka. Tena nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Miguu yangu ilikuwa imezoea barabara, na barabara hukupa vitu vipya: duka, daraja, lori limekwama, mtu unayemjua. Uwanja hukupa kile kile. Goli, darasa, choo cha shule, goli, darasa, choo cha shule. Siku hiyo niliona choo cha shule mara nyingi kuliko wanafunzi wenyewe. Kichwa kikaanza kuzunguka, shingo ikauma upande mmoja. Na kwenye kona gurudumu la nyuma, ambalo miaka yote lilikandamizwa na uzito wa mtu, sasa lilikuwa jepesi, likateleza kwenye murram kama mbuzi kwenye tope. Ikabidi nipunguze kila kona, na nikishavuka kona nianze upya.

Lakini ujana ni mali. Robo saa ya mwisho niliacha kusikia watu, nikabaki na pumzi yangu tu. Mwenye saa alipopiga filimbi, mwalimu akahesabu mawe, akahesabu tena, akasimama. Nilikuwa nimempita Ekisa kwa mzunguko mmoja na kipande. Wakaninyanyua juu. Waliponishusha nililala kwenye nyasi nikicheka peke yangu. Ningesema sikufurahia siku ile ningekuwa mwongo wa uzeeni, na hao ndio wabaya zaidi.

Jumatatu nililala mpaka jua likaingia chumbani. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nilipojikokota hadi steji, vijana walinipigia saluti, wakaninunulia chai na mandazi. Nikasimulia, nikasimulia tena. Katikati ya kusimulia mmoja akaniuliza, bila nia mbaya, "Lakini leo umeona mama yako wa omena?" Nikakitua kikombe.

Baadaye niliambiwa kwamba Mama Nafula alikuwa amengoja kando ya barabara tangu alfajiri. Boda boda wengine walisimama kumchukua, akawaambia, "Nyinyi endeni, yangu inakuja." Aliwakataa mmoja baada ya mwingine kwa sababu nilisema sawa. Jua lilipotoka akajitwika beseni kichwani, akashika fimbo, akatembea. Alipofika sokoni mwanamke mwingine alikuwa ameketi langoni, na hakuwa na kosa.

Sikwenda siku hiyo. Niliona aibu. Nilikwenda siku ya pili, asubuhi, nikisukuma baiskeli isiyo na mahali pa mtu. Nilimkuta nyuma kabisa, karibu na mtaro, anafukuza nzi kwa kipande cha gazeti. Omena yake ilikuwa karibu yote bado iko pale. Nikamsalimia. Akaitikia vizuri tu, akaniuliza habari ya miguu.

"Wanasema umeshinda mtu wa Malaba."

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo ni vizuri. Kijana akiwa na nguvu, aonyeshe." Akapima omena ya mteja, akaifunga, akarudi kwangu. "Mimi sijakuuliza kwa nini hukukuja. Nakuuliza tu hii: wakati fundi alikuwa anakata hiyo kiti, wewe uliona ni chuma peke yake?"

Niligeuka nikatazama pale keria ilipokuwa.

"Mimi nilikuwa nimekaa hapo," akasema. "Ungeniambia Jumamosi, ningeshuka mwenyewe. Ningetafuta mtu. Huwezi kukata kiti na mtu amekaa."

Hakupaza sauti. Kama angenitukana mbele ya soko ingekuwa nafuu, maana ningepata cha kukasirikia. Nikamwambia nitaweka keria nyingine, ya chuma bora, nitamrudisha langoni hata kama ni kuja saa za majogoo. Akatikisa kichwa.

"Weka, baba, utapata watu. Mimi nimepata Ouma."

Ouma nilimjua. Alikuwa kijana mpya wa steji, mwepesi wa kucheka na mzito wa kukanyaga pedali. Wazee waliompanda walisema wanaweza kulala njiani na kuota ndoto mbili. Yeye ndiye aliyenunua keria yangu kwa Wafula, pamoja na mto wake. Labda uso wangu ulisema kitu, kwa sababu Mama Nafula aliniangalia akatabasamu kidogo.

"Ouma hana mbio," akasema, "lakini anakuja."

Niliondoka sokoni na maneno hayo, na hakuna mtu aliyewahi kunipiga kofi likafika mbali hivyo. Wakubwa wa Nairobi hawakuja. Sijui kama jina langu lilipelekwa, na sikuuliza. Nilimlipa fundi nikawekewa keria nyingine, ikawa inalia kila nikipita kwenye shimo, nikarudi kubeba watu. Mwaka huo huo Ekisa alishuka kutoka Malaba akaichukua tena rekodi yake, na hapo ndipo nilipoitazama baiskeli yake kwa makini. Alikuwa na keria nyuma, na mto juu yake. Alizunguka saa nzima na chuma chake, akanipita, akanywa maji, akanipa mkono. Kisha akampakia mwalimu mkuu wa shule ile, akampeleka mjini kwa nauli ya kawaida.

Na Mama Nafula? Ouma alimfikisha kila siku kabla ya jua, lakini yule wa langoni naye alifika kabla ya jua, na naye alikuwa na watoto. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama aliuza omena pale mtaroni mpaka alipoacha kazi. Nilikuwa nanunua kwake kila nikiweza, na kila mara aliniongezea kiganja kimoja, jambo lililoniumiza kuliko kama angeniongezea bei. Rekodi yangu ilipita mikononi mwa watu wengi, na leo hakuna anayeijua isipokuwa wewe unayenisikiliza. Nafasi ya mama yule haikurudi.

Mwanangu, sikukatazi mbio. Anayekwambia tulia tu, kaa tu, huyo amesahau alivyokuwa na miguu. Kama kuna umbali moyo wako unautamani, uendee, na uuendee kwa nguvu zote. Lakini kila mtu anayetaka kwenda mbali hufika siku ya kupunguza mizigo, na siku hiyo macho huwa na haraka. Utaona kazi, utaona ndugu, utaona mji uliokulea, na vyote vitaonekana kama chuma. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla msumeno haujagusa, geuka nyuma uangalie ni nani amekaa. Ukimkuta mtu, mwambie. Mwambie mapema, kwa mdomo wako, ili ashuke kwa miguu yake na ajue pa kwenda. Ukishamwambia, nenda zako na Mungu wako, hutakuwa na deni. Na ukiona huwezi kumwambia, hapo ujue bado hujapata ruhusa ya kukata.

Mungu akupe pumzi ya saa ile ngumu, akupe na kona zisizoteleza. Na kila alfajiri, popote utakapokuwa, asikose mtu mmoja kando ya barabara anayewaambia wengine waende, kwa kuwa wewe unakuja. Na wewe, mwanangu, uje.