Dakika tatu za kuomba nyumba

Korona ilikuwa imetufungia ndani, kwa hiyo baraza la mtaa wetu hapa Sydney lilijadili fleti za bei nafuu kwa Zoom. Mzee mmoja Mzungu alizipinga kwa ukali: "Watajaa wageni. Hatutajuana tena!"

Akafuata mama Mkongomani, anayebanana na wanawe sebuleni kwa shemeji yake. Alikuwa na dakika tatu, nami ndiye mkalimani. Akaweka sawa kitenge chake, akaisogelea kamera.

"Bonjour bote. Mumeamuka muzuri? Watoto? Hakuna mwenye anakohoa?" Kisha akamgeukia mzee. "Na weye, papa, mama wa nyumba anaendelea?"

Nilitafsiri huku naitazama saa. Fleti hata hajazitaja, na kengele ikalia.

Mzee akafungua maikrofoni, sauti imelegea. "Mwongezeeni muda. Tangu tufungiwe, hakuna jirani aliyeniulizia mke wangu."

"Haya mama, sema habari ya fleti!" nikamhimiza.

"Ngoja kwanza. Hajanijibu bibi yake anaendelea aje."

Mwishowe mwenyekiti, kachanganyikiwa, akaniuliza hoja ya mama ilikuwa ipi. Nikamwambia alikuwa anapiga hodi tu, na mzee ameshamkaribisha.